Kielezi Kikae Wapi Kwenye “is reading”?

Shikamoo Mwalimu,

Kila juma naandika ripoti fupi ya Kiingereza kuhusu kazi zinazoendelea. Kwa kuwa kazi zenyewe hazijaisha, karibu kila sentensi yangu ina “is” au “are” pamoja na kitenzi chenye “-ing”. Umbo hilo nalimudu. Kinachonishinda ni vielezi. Mhariri hunirudishia rasimu zikiwa na mishale inayohamisha neno mojamoja, bila maelezo yoyote. Nimekusanya saba:

“The technicians are checking carefully the pumps.” Neno “carefully” lilipelekwa mwisho.

“We still are waiting for the results.” Ikawa “We are still waiting for the results”.

Hapo nikashika kanuni kwamba kielezi kikae baada ya “is” au “are”. Nikaandika “The supplier isn’t still answering our letters”. Safari hii mshale uliitoa “still” ukaiweka kabla ya “isn’t”!

“Even they are not reading our messages.” Ikawa “They are not even reading our messages”.

“The valves are being still replaced.” Ikawa “The valves are still being replaced”.

“The engineers are looking carefully at the drawings.” Hii haikuguswa, ingawa “carefully” imekaa palepale ilipokaa katika sentensi ya kwanza.

Ya mwisho niliiandika kumsifu msaidizi wetu mpya: “Our new assistant is always asking questions”. Mhariri hakuhamisha neno, ila aliandika pembeni: “Una uhakika unataka kumlalamikia?”

Je, kuna utaratibu unaoeleweka, au kila kielezi kina kanuni yake?

Msomaji wa mishale

*

Marahaba, Msomaji.

Mhariri wako yuko sahihi mara zote saba. Alichokunyima ni sababu, na bila sababu kila mshale huonekana kanuni mpya. Sababu zenyewe ni chache kuliko mishale.

Tuanzie kwenye Kiswahili, maana ndiko nusu ya makosa haya yanakotoka. “Anasoma” ni neno moja. Ndani yake mna mtendaji, mna wakati, mna mzizi wa kitendo, na hakuna kielezi kinachoweza kupenya humo. Vinavyopenya ni viambishi, kama kile cha yambwa (mtendwa) katika “anaisoma”. Kwa hiyo kielezi chetu hubaki nje, ama mbele ama nyuma: “bado anasoma”, “anasoma bado”, “anasoma kwa makini barua ile”. Zote zinasemeka. Kiingereza kazi hiyohiyo kimeigawia maneno mawili, “is” na “reading”, na katikati kimeacha mlango. Mlangoni hapo ndipo makao ya kawaida ya vielezi vingi vya neno moja: “still”, “already”, “always”, “just”, “also”, “probably”, “currently”, “really”. Anayeichukua “is reading” kama neno moja lisilogawanyika hupita mlango huo bila kuuona. Ndivyo “bado tunasubiri” ilivyozaa “We still are waiting”.

Kusema kweli, “We still are waiting” si kosa la sarufi. Hasa katika maandishi ya Marekani utakutana na kielezi kilichotangulia “is” au “are”. Lakini kwa wasomaji wengi mpangilio huo unatia mkazo kwenye “are”, kana kwamba kuna mtu amedai kwamba hamsubiri tena nawe unambishia. Ripoti yako haibishani na mtu, ndiyo maana mhariri aliirudisha mlangoni.

Sasa “carefully”. Kiingereza kina wivu mkubwa juu ya uhusiano wa kitenzi na yambwa yake. Kama kitenzi kinampokea mtendwa moja kwa moja, bila kihusishi, usiweke kitu kati yao. “Checking the pumps” ni jozi. Kielezi kinaweza kukaa mlangoni, “are carefully checking the pumps”, au mwisho, “are checking the pumps carefully”, lakini hakiwezi kuitenganisha jozi. Kiswahili hakina wivu huo: “wanakagua kwa makini pampu” haimshtui mtu, na ndiyo sababu kosa hili ni gumu kuliona kwa macho yetu.

Kwa nini basi “looking carefully at the drawings” ikapita? Kwa sababu “look” haimpokei mtendwa moja kwa moja. Inapitia kihusishi “at”, na kihusishi kikiwapo, nafasi iliyo kabla yake iko huru. Vivyo hivyo “waiting patiently for an answer” na “listening closely to the engine”. Badilisha kitenzi uone: “studying carefully the drawings” inavunjika, kwa kuwa “study” haitaki kihusishi. Kipimo ni hiki: baada ya kitenzi cha “-ing”, kinachofuata ni nomino au ni kihusishi? Kikiwa nomino, kielezi kisikae hapo. Jihadhari tu na vitenzi ambavyo kijineno chake ni sehemu ya maana ya kitenzi, kama “put out” kwa maana ya kuzima moto. Huwezi kuandika “They are putting quickly out the fire”. Andika “They are quickly putting out the fire” au “They are putting the fire out quickly”.

Utauliza kipi bora, mlangoni au mwisho. Kwa vielezi vya namna, yaani vile vinavyoeleza kitendo kinafanywaje, mimi hutazama urefu wa yambwa. Yambwa ikiwa fupi, mwisho ni pazuri na pana uzito zaidi: “She is checking the pumps carefully”. Ikiwa ndefu na ina kitenzi chake ndani, rudi mlangoni. Tazama “She is checking the reports that the clerk wrote carefully”. Nani mwangalifu hapa, yeye au karani? Msomaji ataliambatanisha neno na kitenzi kilicho karibu, na karani atapata sifa isiyo yake. “She is carefully checking the reports that the clerk wrote” haina utata.

Vichache havikubali mlango kabisa katika sentensi ya kutenda: “well” na “hard”. “The new pump is working well”, kamwe si “is well working”. Na hapa pana mtego mbaya sana kwa mwandishi wa ripoti. Mtu anataka kusema fundi anafanya kazi kwa bidii, anakumbuka kwamba vielezi vingi huishia na “-ly” na kwamba vinakaa mlangoni, anaandika “He is hardly working”. Amesema fundi huyo karibu hafanyi kazi kabisa. “He is working hard” ndiyo bidii.

“Very” nayo husumbua kwa sababu ya “sana” yetu. Peke yake haiwezi kukipa kitenzi nguvu. “I am very enjoying the course” haipo. Mlangoni weka “really”: “I am really enjoying the course”. Ukiitaka “very”, iende mwisho ikiwa na mwenzake: “I am enjoying the course very much”. Hata hiyo isikae kati ya “enjoying” na “the course”, kwa sababu ile ile ya jozi.

Kwenye ukanushi ndipo penye utamu wa somo lote, nami nitakaa hapa kidogo.

Kiingereza husoma kikanushi kama kivuli kinachoanguka upande wa kulia. Kielezi kilicho kulia kwa “not” kinaangukiwa, yaani kinakanushwa nacho. Kilicho kushoto kinabaki juani. Linganisha hizi:

“He is not deliberately delaying the work.” Huenda anaichelewesha, ila si kwa makusudi.

“He is deliberately not answering.” Hajibu, na ni kwa makusudi.

Maneno “not” na “deliberately” yamebadilishana nafasi, na mtu ametoka kwenye kusamehewa hadi kwenye kushtakiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa “I’m not really listening”, yaani sisikilizi sana, mawazo yangu yako kwingine, na “I’m really not listening”, yaani sisikilizi hata kidogo.

Vielezi vingine kwa asili yao havipendi kivuli hicho. “Probably” ni kimoja: unapokisia kwamba watu hawaji, unachokisia ni kutokuja kwao, huukanushi uwezekano. “Still” ni kingine: hali inayoendelea ni ile ya kutojibu. Vinatakiwa vikae kushoto kwa “not”. “Not” ikiandikwa kamili, mlango unavitosha vyote viwili na kielezi kinatangulia: “They are probably not coming”, “The supplier is still not answering”. Lakini “not” ikifupishwa na kugandamana na “is” au “are”, mlangoni kielezi tayari kiko kulia kwa ukanushi. Njia pekee ya kukaa kushoto ni kutoka nje kabisa: “They probably aren’t coming”, “The supplier still isn’t answering our letters”. Huo ndio mshale uliokuvunja moyo. Mhariri hakubadilisha kanuni. Ni wewe uliyefupisha “not”, na ufupisho ukalihamisha jua. “Isn’t still” ina kazi yake, ila ni kazi nyingine: kushangaa au kuuliza kwa mshangao. “You aren’t still waiting, are you?” ni kusema jamani, usiniambie mpaka sasa unasubiri.

Vingine, kinyume chake, huishi kivulini. “Yet” na “anymore” hukaa mwisho wa sentensi, kulia kabisa: “They aren’t answering yet”, “They aren’t answering anymore”. “Even” hukaa mara baada ya kikanushi: “They aren’t even reading our messages”. Na “hata” yetu ndiyo iliyokuponza. Katika Kiswahili “hata” hutangulia kauli nzima: “hata hawasomi ujumbe wetu”. Ukiihamisha ilivyo, “Even they are not reading our messages” inashika neno lililo mbele yake, yaani “they”, na maana inakuwa hata wao hawasomi, wao ambao tuliwatarajia kuliko wengine wote. Sentensi ni sahihi, ila si yako.

Hapo hapo iangalie “bado”. Neno letu linabeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenga. “Mtoto bado hatembei” inaweza kuwa “The baby isn’t walking yet”, ambayo imetulia na inatarajia atatembea, au “The baby still isn’t walking”, ambayo ina wasiwasi ndani yake: muda umepita kuliko ilivyotazamiwa. Katika ripoti tofauti hii ina uzito. “The contractor isn’t digging yet” ni taarifa. “The contractor still isn’t digging” ni lawama, na mkandarasi akiisoma ataihisi.

Kuhusu “being” nitasema kwa ufupi. Katika sentensi ya kutendwa kuna milango miwili: “are ... being ... replaced”. Vielezi vya wakati na vya kukisia huchukua mlango wa kwanza: “are still being replaced”, “are probably being replaced”. Vya namna huchukua wa pili, au mwisho: “are being carefully replaced”, “are being replaced carefully”. Na “well” niliyoifungia mlango katika sentensi ya kutenda, hapa inaruhusiwa mlango wa pili: “The patients are being well looked after”. Ukiwa na vielezi viwili mlangoni, cha kukisia hutangulia cha wakati: “They are probably still waiting”. Hapo Kiswahili kinakusaidia, maana “huenda bado wanasubiri” ina mpangilio uleule.

Swali halibadilishi kitu isipokuwa “is” au “are”, inayoruka mbele ya kiima. Kielezi hakiifuati. “They are still waiting” inakuwa “Are they still waiting?”, si “Are still they waiting?”

Jibu fupi ndilo linaloonekana kuvunja kanuni. Mtu akikuuliza “Are you still waiting?”, unajibu “Yes, I still am”, si “Yes, I am still”. “Waiting” imeachwa kwa kuwa inaeleweka. “Am” imebaki peke yake mwishoni, inabeba mkazo wote, na kielezi kinasogea mbele yake. Ndiyo sababu pia huwezi kujibu “Yes, I’m”: umbo lililofupishwa halina nguvu ya kusimama mwisho. Mkazo huohuo ndio unaoleta “I really am trying”, anayoisema mtu ambaye juhudi zake zimetiliwa shaka.

Nakuongezea ambazo hukuuliza lakini ripoti zako zitazihitaji. “Tu” yetu hukaa mwisho, “ninaangalia tu”, na wengi huandika “I am looking only”. Kiingereza huipeleka mlangoni: “I am only looking”, au kwa mazungumzo, “I’m just looking”. Ila “only” inacheza. “We are only testing the first pump” inaweza kumaanisha tunaipima tu, hatuitengenezi, au tunaipima ya kwanza tu, nyingine bado. Katika mazungumzo sauti ndiyo inayotofautisha. Kwenye karatasi hakuna sauti, kwa hiyo unapokusudia pampu ya kwanza tu, ibandike “only” kwenye pampu yenyewe: “We are testing only the first pump”. Hii si kuvunja jozi ya kitenzi na yambwa, kwa kuwa “only” hapa ni mali ya yambwa, haielezi kitenzi.

“Maybe” nayo haikai mlangoni. “Labda wanakuja” ni “Maybe they are coming”. Ukitaka neno la kukisia mlangoni, tumia “probably”, ukijua kwamba ina uhakika zaidi kuliko “maybe”.

“Now” inakaa popote isipokuwa ndani ya jozi. “We are testing the pump now” ni ya kawaida. “We are now testing the pump” ina harufu ya tangazo rasmi, kwamba hatua moja imekwisha na nyingine imeanza, na kwa ripoti yako inafaa sana. Vielezi vya maneno mengi, kama “at the moment” au “this week”, vipeleke mwanzo au mwisho. Vikijazana mwisho, anza na namna, kisha mahali, kisha wakati: “The team is working quietly in the basement today”.

Sasa msaidizi wenu. Mahali pa “always” ni sahihi. Tatizo ni ndoa ya “always” na hali ya kuendelea. Desturi ya kawaida Kiingereza huieleza kwa wakati uliopo sahili: “She always asks questions”. Ukiichukua desturi ukaivika “is ... -ing”, unasema jambo linatokea mara nyingi kupita ilivyotazamiwa, na mara nyingi msomaji husikia kuchoshwa, hasa ukitumia “constantly” au “forever”. Si lazima iwe lawama. “She is always helping the others” ni sifa, kwa sababu kusaidia hakumchoshi mtu. Kitendo chenyewe ndicho kinachoamua, na kuuliza maswali kunaweza kusomwa pande zote mbili, hasa na mtu asiyemjua msaidizi huyo. Usimwachie msomaji achague. Andika “Our new assistant always asks useful questions”, halafu kama unataka kueleza anachofanya juma hili, mlango uko wazi: “and she is already helping the technicians with the pumps”.